Demo za bure kwenye PS na Switch: zipi zinastahili bando lako, zipi uzipite

#1 PadiMoja

Wakuu salaam.

Kila baada ya siku mbili tatu humu anaingia mtu kuuliza kama anunue gemu fulani au aachane nayo, na majibu ni yale yale. Wa kwanza atasema ni moto, wa pili atasema ni takataka, wa tatu atauliza padi ya PS4 Kariakoo inauzwaje. Gemu kubwa nyingi za PS5 siku hizi zinatoka kwa dola 70, zaidi ya laki na nusu ya Kitanzania, na ukishaishusha na kuianza hela hairudi. Ndiyo maana mimi kabla ya kutoa hela natafuta demo kwanza, yaani kile kipande cha gemu kinachotolewa bure ili uonje. Nimecheza za PS4, za PS5, na za Switch ya shemeji yangu ambayo imekaa kwangu kuliko kwake. Namwaga hapa niliyoyaona. Baadhi zilishaondolewa dukani, nazitaja kwa sababu zina funzo lake.

Kwa wageni, mambo mawili ya haraka. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi unapofungua akaunti ya PlayStation, ndiyo maana wengi wetu tunatumia akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Demo unazoziona zinafuata nchi ya akaunti, na ukishaichagua nchi haibadiliki, labda ufungue akaunti nyingine. Nintendo, wenye Switch, wao wanakuruhusu kubadili. Demo haidai kadi ya benki, unabonyeza tu inaanza kushuka.

La pili ni bando, na hapa neno "bure" linaanza kuleta utani. Demo za gemu kubwa za PS5 zinapita GB 10 bila aibu. Mtu mwenye faiba nyumbani hataelewa naongea nini. Sisi wa bando la usiku tunaiweka saa sita, tunaacha mashine imelala lakini inashusha, asubuhi tunaamka kuangalia imefika wapi. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nilichokipata kwenye hiyo demo kimelingana na bando lililokwenda?

Kwa kipimo hicho, hakuna demo iliyonipa thamani kama ya Final Fantasy XVI. Ilitoka 12 Juni 2023, siku kumi kabla ya gemu yenyewe, PS5 tu. Wamekupa mwanzo wote bila kukatakata. Clive bado kijana, kazi yake kumlinda mdogo wake Joshua, baba yao ndiye mtawala wa Rosaria. Unaanza na mazoezi ya upanga dhidi ya kamanda, hapo ndipo mikono inajifunza, halafu mnatumwa kinamasini kupambana na lile dude linaloitwa Morbol, halafu unakuja usiku wa Phoenix Gate. Huo usiku siusimulii, nendeni mkaone wenyewe. Kama masaa mawili hivi, na ukinunua gemu, sevu yako inahamia, unaendelea ulipoishia.

Nilichokipenda zaidi kiko kwenye vidole. R1 ni kukwepa. Ukikwepa mapema, unaruka tu pembeni na maisha yanaendelea. Ukisubiri mpaka upanga wa adui umekaribia kabisa kukugusa ndipo ubonyeze, dunia inapunguza mwendo kidogo na wewe unapata nafasi ya kumrudishia. Mara ya kwanza nilidhani mashine imekwama. Nikarudia, nikarudia tena, nikajikuta nachelewa kukwepa makusudi. Hakuna trela ambayo ingeniambia hilo.

Lakini niseme na lingine. Mapigano ya huo mwanzo ni membamba, Clive ana vitu vichache sana vya kufanya, na nadhani waliotengeneza walilijua, kwa sababu ukimaliza kinafunguka kipande kingine cha pembeni ambapo Clive ameshakua mtu mzima na ana uwezo kibao. Sevu ya kipande hicho haihamii. Wengi naona walimaliza hadithi wakazima mashine, wakasema gemu ni sinema tupu. Kipande cha pili ndicho kinachokuonyesha utakachokifanya kwa masaa mengi baadaye. Na ile picha kufifia ukizungusha kamera ilisumbua watu wengi kwenye demo. Walilalamika, na gemu ilipotoka, wiki chache baadaye likaja sasisho lenye sehemu ya kupunguza huo ufifio.

Linganisha na ndugu yake, demo ya Final Fantasy VII Remake ya Machi 2020 kwenye PS4. Ni shambulio lote la mtambo namba moja, Cloud na Barret, mpaka lile nge la chuma mwishoni. Kabla hujatoroka unachagua bomu lilipuke baada ya dakika 20 au 30, na huo uchaguzi wenyewe unakutia joto. Ni saa moja tamu sana. Shida ni kwamba sevu haihamii. Nilipokuja kuinunua nilirudia kila kitu, mpaka maneno ya Barret nilikuwa namtangulia.

Sasa tuje kwa Resident Evil, maana watengenezaji wake wamejaribu kila aina ya demo iliyopo chini ya jua. Januari 2019 wakatoa ya Resident Evil 2, dakika 30, mara moja tu, zikiisha mlango umefungwa. Watu wakawa wanafungua akaunti nyingine ili warudie. Naelewa lengo lao, walitaka iongelewe, na kweli iliongelewa. Ila kwa mtu aliyeishusha kwa bando la usiku, dakika 30 ni dharau. Kila mlango unaofungua unajiuliza kama unapoteza muda. Gemu ya kutisha inataka utembee taratibu, usikilize, uogope. Saa inayokimbia pembeni inaua hiyo hofu na kukupa hofu nyingine isiyohusika, na umeme wa kwetu unavyojua kukatika, moyo unakaa mkononi kwa sababu mbili.

Mwaka 2021 na Resident Evil Village wakazidisha. Dakika 30 kijijini, dakika 30 kwenye kasri, na dirisha la kucheza lilikuwa la masaa machache tu mwishoni mwa wiki. Kelele zikapigwa mpaka wakaongeza siku za ile ya mwisho. Halafu 2023, Resident Evil 4, naona walishatusikia: hakuna saa, hakuna kikomo, unacheza mapambano ya kijijini mara nyingi utakavyo. Na ndani yake wakaficha bunduki ndogo kisimani, na hali ngumu ya siri ambayo haimo kwenye menyu. Hiyo nimeirudia kuliko gemu kadhaa nilizolipia. Yule jamaa wa msumeno mimi nilimshinda kwa kukimbia kuzunguka nyumba, sina aibu kusema.

Za haraka haraka:

Lies of P, Juni 2023. Ngumu. Siri yake ni kukinga kwa wakati sahihi, na mikono yangu haikuipenda kabisa. Nikaiacha, bando limeokoa hela nyingi zaidi. Wenye mikono ya kazi wanaiabudu.

Stellar Blade, Machi 2024, PS5. Sevu inahamia. Mapigano safi sana, maongezi yanachosha.

Metaphor: ReFantazio, Septemba 2024. Mwanzo mrefu, sevu inahamia. Maneno ni mengi mno, kama runinga yako ni inchi 32 na unakaa kwenye kochi mbali, jaribu kwanza kama unasoma vizuri.

My First Gran Turismo, Desemba 2024, PS4 na PS5. Hawaiiti demo lakini ni demo ya Gran Turismo 7 tu. Magari 18, viwanja vitatu. Mwanangu hajaitoa mpaka leo.

Kwenye Switch, Octopath Traveler walikupa masaa matatu na sevu inahamia. Dragon Quest XI S ya 2019 inafika kama masaa kumi! Wapo watu waliona hiyo inatosha. Monster Hunter Rise, 2021, walikupa misheni 30, zikiisha basi.

Karibuni, ongezeni zenu.


#2 Mzee wa Chobo

Uzi mzuri mkuu, siti ya mbele kabisa. Ila nina swali la mtu mvivu. Kwa nini nimalize GB 15 za demo wakati YouTube kuna jamaa anacheza gemu nzima na naangalia kwa MB chache? Nikiona saa moja ya mtu akicheza najua kama ni nzuri.


#3 PadiMoja

Mkuu, utajua kama hadithi ni nzuri na kama picha ni nzuri. Mikono yako hutaijua. Lies of P nilikuwa nimeangalia video zake mpaka nimekariri mabosi wawili, na yule jamaa anayecheza alikuwa anakinga kila pigo kirahisi kabisa. Nikashika padi mwenyewe, nikachapwa na mlinzi wa kawaida wa barabarani. Vilevile fremu zikiyumba, picha ikawa inakwamakwama, kwenye video huoni, video yenyewe ina fremu zake. Na ukubwa wa maandishi kwenye simu yako si ukubwa wa maandishi kwenye runinga yako.

Kwa gemu za hadithi tupu, za kutembea na kusikiliza, hapo nakubali. Angalia video, okoa bando.


#4 Kijana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mbona hamna mtu amegusa mpira? Sisi tulikua tukingojea demo ya FIFA kila Septemba na ya PES mapema kidogo, Julai au Agosti. Timu chache, mechi fupi, na bado mtaa mzima ulikua unakuja kwetu. Demo ndio ilikua inaamua mwaka huo ni wa FIFA ama ni wa PES. Ndugu yangu mkubwa alikua anaitumia kupima kitu kimoja tu: kipa akitoka, je, chip, ule mpira wa kuinuliwa juu yake, inaingia? Ikiingia sana gemu imeharibika.

FIFA 20 ndiyo ilikua ya mwisho. Tulicheza ile VOLTA ya mpira wa mtaani mpaka tukaichoka kabla gemu kutoka. Mwaka uliofuata EA, wenye FIFA, wakasema hakuna demo, walio na EA Play ndio wapate masaa kumi ya kujaribu. Hiyo ni kulipa ndio uonje. Gemu mpya ni karibu elfu tisa za Kenya, halafu kuonja nako nilipie?


#5 PadiMoja

Umenikumbusha mbali kiongozi. Upande wa Konami, wenye PES, ndio mwisho wake ulikuwa wa ajabu zaidi. PES 2020 demo yake ilitoka mwishoni mwa Julai 2019, nzuri kabisa. Halafu 2021 wakabadili kila kitu, ikawa eFootball, bure moja kwa moja, ikaanza Septemba 30 na timu chache na sura za wachezaji ambazo mitandao iliziinua juu kwa vicheko mpaka Konami wenyewe wakaomba radhi. Mimi nasema ile ilikuwa demo, walikosea jina tu. Kama wangeandika "demo" juu yake, watu wangecheka kidogo na kusubiri.


#6 Mwenye Kibanda

Mimi nina kibanda cha gemu, mashine nne, Mbagala. Niwaambie demo iliyoniingizia wateja: Tekken 8. Ilifika PS5 tarehe 14 Desemba 2023, gemu yenyewe ikatoka Januari 26, katikati pale ni sikukuu na watoto wako likizo. Wapiganaji wanne tu, Jin, Kazuya, Paul na Nina, lakini ukiweka padi mbili watu wawili wanachapana. Hilo ndilo la kuangalia kwenye demo ya gemu ya ngumi, wengine wanakupa ucheze na mashine peke yako.

Kilichotokea ni kwamba vijana wangu wote walikuwa wa Eddy Gordo na King, na hawakuwemo. Wiki ya kwanza manung'uniko. Wiki ya pili kijana mmoja aliyekuwa hagusi Paul akaanza kuwachapa wote kwa ngumi moja ile ya kujivuta nyuma na kuachia. Gemu kamili ilipofika hakurudi kwa King. Mimi naona wapiganaji wachache kwenye demo ni msaada, mtu analazimika kujifunza.

Street Fighter 6 nayo nilijaribu, Ryu na Luke peke yao, ukatengeneze na mtu wako mwenyewe wa kutembea mjini. Hiyo ya kutengeneza mtu wako na sura yake unaihamisha kwenye gemu kamili. Kwangu haikuenda, wateja walikaa wakitengeneza pua nusu saa nzima, na nusu saa ni hela.


#7 Mzee wa Chobo

Hahaha pua nusu saa. Mkuu hapo uliwatoza au?


#8 Mwenye Kibanda

Niliwatoza. Muda ni muda.


#9 Maskati Nyumbani

Assalam alaykum jamaa. Niko Maskati, kwetu asili Unguja. Kuhusu akaunti, Oman imo kwenye orodha ya PlayStation, bei zake zinaandikwa kwa dola, kwa hiyo sisi huku hatudanganyi nchi. Lakini msidhani ni raha tupu. Duka la huku na la Marekani si moja, kuna vitu hutoka kule huku havionekani, na kuna vitu hufika huku siku moja kabla kwa sababu ya saa. Wengi wetu tuna akaunti mbili kwenye mashine moja, ya Oman ya kununulia, ya Marekani ya kuonjea.

Tahadhari moja tu: demo ukiicheza kwa akaunti ya nchi moja halafu ukanunua gemu kwa akaunti ya nchi nyingine, usitarajie sevu yako kuhamia. Kama demo ni ya kuhamisha sevu, ichezeeni kwenye akaunti mtakayonunulia.


#10 PadiMoja

Shukran sana, hili la #9 watu walisome mara mbili.


#11 Bei ya Jumla

Naona mnazisifia demo kana kwamba ni sadaka. Mnajua kwa nini zimepungua? Demo zinaua mauzo. Jesse Schell, mtengeneza gemu na mwalimu wa Carnegie Mellon, mwaka 2013 alisimama mbele ya watu wa tasnia akaonyesha takwimu za mashine ya Xbox 360: gemu zenye trela bila demo ndizo zilizouza zaidi, zenye demo zikauza nusu ya hapo. Mtu akionja akashiba, hanunui. Biashara ni biashara.


#12 PadiMoja

Hilo nalijua mkuu, na huwa linatajwa kila mjadala huu ukianza. Lakini tulitazame vizuri. Gemu kubwa yenye bajeti ya matangazo ya kutisha haikuhitaji demo, ingeuza tu. Ndogo isiyojulikana ndiyo inayoweka demo ili ijulikane. Ukiziweka kwenye mizani moja, yenye demo lazima ionekane imeuza kidogo, na si demo iliyoipunguza. Halafu Xbox 360 enzi hizo kila gemu ya Arcade, zile ndogo za kushusha, ililazimishwa kuwa na toleo la kujaribu. Mtu anayelazimishwa anakata kipande chochote anatupa.

Na pia kukata demo ni kazi. Watu wanaotakiwa kumalizia gemu wanatolewa wakashone kipande kingine kiwe na mwanzo na mwisho, kipitishwe ukaguzi wa kampuni yenye mashine, na mara nyingi kinatokana na toleo la miezi ya nyuma lenye makosa yaliyokwisha kurekebishwa. Juni 2021 ile ya Stranger of Paradise ilitangazwa mbele ya dunia nzima, watu wakaishusha, ikasema data imeharibika. Haikufunguka kwa mtu yeyote kwa siku mbili. Sasa fikiria wewe ndiye uliyeombwa demo baada ya hapo.

Ndiyo maana naupenda huu mtindo wa kutoa mwanzo wa gemu na sevu ihamie. Hawakati kitu kipya, wanakupa mlango wa mbele wenyewe. Na mtu aliyeshaweka masaa yake mawili ndani, sevu yake iko pale inamngoja, huyo kushiba ni vigumu.


#13 Bei ya Jumla

Hoja ya mizani nimeikubali. Ya sevu nasema ni mtego, na wewe umeshanasa.


#14 PadiMoja

Nimenasa na nimetulia.


#15 Fundi wa Arusha

Mmesahau faida ya upande wa pili, demo inayowafundisha waliotengeneza. Nioh, Aprili 2016, walitoa kipande cha majaribio PS4, silaha zako zilikuwa zinachakaa mpaka zinavunjika. Watu wakalalamika, wakajaza dodoso, na toleo lililofuata uchakavu ulikuwa umeondolewa kabisa. Octopath nayo kabla ya ile ya masaa matatu walitoa ya kwanza 2017, wakakusanya maoni, kisha wakatangaza hadharani waliyoyabadilisha. Ukipata demo ya namna hiyo jaza lile dodoso, hata kwa Kiingereza cha kuunga unga. Linasomwa.

Na kwa wenye PS4: diski ya nje. Nenda kwa rafiki mwenye faiba na diski yako, ingia kwa akaunti yako kwenye PS4 yake, shushia kwenye diski, rudi nayo nyumbani. Ukiichomeka kwenye PS4 yako yenye akaunti ile ile, inacheza. Wengi hawajui na wanateketeza bando bure.


#16 Kijana wa Likoni

Hiyo ya diski nitaijaribu kesho, wallahi. Na P.T. je, hamuitaji?


#17 PadiMoja

Nilijua italetwa. P.T. ilikuwa Agosti 2014, PS4, bure, imeandikwa jina la studio isiyojulikana na mtu yeyote. Korido moja. Unatembea, unakata kona, unafungua mlango, unajikuta kwenye korido ile ile, ila safari hii redio inaongea, au taa inabembea, au mlango wa choo uliokuwa umefungwa umeachia upenyo. Hakuna silaha, hakuna menyu ya vitu. Watu walipotatua fumbo la mwisho ndipo ikajulikana ni tangazo la Silent Hills, Hideo Kojima akishirikiana na Guillermo del Toro. Aprili 2015 mradi ukafutwa, na mwishoni mwa mwezi huo huo P.T. ikaondolewa dukani. Hata aliyekuwa ameishusha akiifuta hawezi kuirudisha. Watu wakauza PS4 zenye P.T. ndani yake kwa bei ya kichaa.

Mimi niliichezea kwa jamaa yangu usiku mmoja, mchana uliofuata nikaomba niiendelee na mapazia yamefunguliwa. Kwa kutisha, sijaona demo wala gemu kamili iliyoifikia. Ya Resident Evil 7, ile ya 2016 yenye nyumba chakavu na mkanda wa video, ilikuja karibu, hasa kile kidole cha sanamu ambacho dunia nzima ilikaa miezi ikijiuliza ni cha nini, huku wenyewe wanaongeza vyumba kidogo kidogo mpaka Desemba. Lakini pale kulikuwa na nyumba ya kuzunguka. P.T. ilikuwa na korido tu.

Wanaonunua PS4 ya mtumba kutoka Dubai, kabla hujafomati angalia kilichomo. Huwezi jua.


#18 Mgeni wa Padi

Samahani wakuu, mimi mgeni. Nina PS4 ya kawaida, nafasi imebaki kidogo, bando la GB 20 kwa mwezi mzima na naligawana na simu. Nianze na ipi?


#19 PadiMoja

Karibu sana. Kwa hali hiyo usianze na mbili kwa mpigo. Chukua Resident Evil 4, hiyo ipo ya PS4, haina saa, utaicheza hata mwezi mzima. Kama hupendi kutishwa, chukua My First Gran Turismo, ila angalia ukubwa wake kwanza kabla hujabonyeza, umeandikwa hapo hapo. Final Fantasy VII Remake iache mpaka upate mtu wa faiba kama alivyosema fundi #15. Na zima masasisho ya kujiendesha kwenye mipangilio, maana gemu zako za zamani zikianza kujisasisha usiku, bando la demo litakuwa limekwenda huko.


#20 Mwenye Kibanda

Akiwa karibu na Mbagala aje na diski yake, mimi nina faiba. Asilete tu mtu wa kutengeneza pua.